Alamut: Ngome Ilianguka, Tusi Likabaki

Wanafunzi wetu hukariri kwamba ngome ya Alamut, katika milima ya Elburz nchini Iran, ilitwaliwa na Wamongolia mwaka 1256. Ni wachache waulizao habari hizo zimetufikiaje.

Alamut ilikuwa makao ya Waismailia wa Nizari tangu Hasan-i Sabbah alipoitwaa mwaka 1090. Hulegu, mjukuu wa Genghis Khan, alipoizingira ngome jirani ya Maymun-Diz, Imamu Rukn al-Din Khurshah alisalimu amri Novemba 1256. Alamut ikafuata Desemba. Girdkuh pekee ilistahimili kuzingirwa hadi 1270.

Juvayni, mwanahistoria aliyemtumikia Hulegu, aliingia katika maktaba ya Alamut. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitenga misahafu na ala za elimu ya nyota, kisha akavichoma vitabu alivyoviona kuwa vya upotofu. Naye ndiye shahidi wetu mkuu juu ya hao walioshindwa!

Lugha nayo imeshiriki dhuluma hiyo. Tusi walilopachikwa na mahasimu wao, ‘hashishi’, lilivuka bahari likawa ‘assassin’ katika lugha za Ulaya, yaani muuaji wa siri. Kisa cha kwamba walileweshwa bangi kabla ya kutumwa kuua hakina ushahidi, ila neno lakihifadhi.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi walimu, tusiishie kwenye tarehe. Tumzoeze mwanafunzi kuuliza: ni nani aliyeandika, na ni vitabu vya nani vilivyoteketezwa?