Kisima cha mafuta kilicholazwa: Kwa nini urefu pekee hautoshi

WENGI wetu tunapotajiwa kisima cha mafuta hufikiria shimo lililochimbwa wima, mithili ya visima vya maji vijijini. Hata hivyo, visima vingi vya mafuta siku hizi huteremka wima kwanza, kisha hupindwa polepole hadi vikalala sambamba na tabaka la mwamba lenye mafuta.

Sababu yake ni rahisi kufahamu. Aghalabu tabaka hilo huwa pana lakini jembamba. Kisima cha wima hulitoboa kwa mita chache tu, ilhali kilicholazwa huweza kupita ndani yake kwa kilomita nzima au zaidi, kikiyapokea mafuta njia yote.

Wataalamu walidhani kwamba kadiri kisima kinavyorefushwa ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Eneo la Troll, katika Bahari ya Kaskazini nchini Norway, liliwafunza kuwa mambo si mepesi hivyo.

Troll iligunduliwa mwaka wa 1979, mahali ambapo kina cha bahari kinapita mita 300. Utajiri wake mkuu ulikuwa gesi. Chini ya gesi hiyo kulikuwa na utando wa mafuta wenye unene wa mita 22 hadi 26 katika sehemu moja, na mita 11 hadi 13 tu katika sehemu nyingine. Juu yake gesi, chini yake maji. Kisima cha wima kingevuta gesi na maji mara moja, na kwa muda mafuta hayo yalionekana kuwa hayana faida. Kampuni ya Norsk Hydro iliamua kuvilaza visima ndani ya utando huo, na uzalishaji wa mafuta ukaanza mwaka wa 1995.

Tatizo lilijitokeza katika mvuto. Mahali kisima kinapopinda huitwa kisigino, na mwisho wake huitwa kidole. Mafuta yanayotoka kidoleni husafiri mbali ndani ya bomba, yakipoteza nguvu kwa msuguano. Kwa hivyo mvuto huwa mkali kisiginoni na hafifu kidoleni. Kule Troll mwamba hupitisha mafuta kwa wepesi mno, hivyo mvuto unaohitajika ni mdogo, na hata msuguano kidogo huvuruga usawa.

Msomaji aliyewahi kuona wazee wakinywa busaa kwa mirija mirefu ataelewa. Toboa matundu kwenye mrija huo kutoka juu hadi chini. Tundu lililo karibu na mdomo litavuta kwa nguvu kuliko yote, na pombe ikipungua kidogo tu, mzee atafyonza hewa ingawa chungu bado kina kinywaji. Ndivyo kisima kinavyoharibika: gesi au maji huingia kisigononi, na mafuta ya upande wa kidole husalia ardhini.

Suluhisho lilikuwa kuliandaa bomba lenyewe upya. Katika kila kipande cha bomba, nyuma ya kichujio cha kuzuia mchanga, waliweka kidhibiti chenye njia nyembamba ambayo mafuta hulazimika kupitia. Kizuizi hicho huwa kikubwa kuliko msuguano wa bomba, hivyo tofauti kati ya kisigino na kidole hupungua, na kisima chote huchangia karibu sawasawa. Aidha, vizibo huwekwa nje ya bomba kukigawa kisima vyumba vyumba, ili maji yakipenya chumba kimoja yasienee katika vingine.

Vidhibiti vya mwanzo vilikuwa na kasoro moja: ukubwa wa tundu hauwezi kubadilishwa baada ya bomba kushushwa. Baadaye vilibuniwa vinavyojiendesha vyenyewe. Ndani yake mna kisahani kinachoelea. Mafuta mazito hupita taratibu nacho hubaki wazi. Gesi nyepesi ikija kwa kasi, shinikizo hupungua upande mmoja na kisahani huvutwa kufunga njia.

Hata hivyo, hii si dawa ya kila kisima. Kila kizuizi hula sehemu ya nguvu ya asili ya mwamba, na palipo na nguvu haba huenda hasara ikazidi faida. Lazima mwamba upimwe kwanza.

Haya yanatuhusu. Tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia 1, Turkana, mwaka wa 2012, mjadala wetu umekuwa kuhusu mgao. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa serikali ya kitaifa asilimia 75 ya fungu la serikali, kaunti asilimia 20 na jamii ya eneo husika asilimia 5. Lakini mwekezaji hurejeshewa gharama zake kabla ya faida kugawanywa. Kisima kilichoandaliwa vibaya huongeza gharama na kupunguza mapipa, na hasara hiyo humfikia hata mfugaji wa Lokichar.

Isitoshe, mipango ya huko imetegemea kudunga maji ardhini ili kuyasukuma mafuta. Katika nchi kame kama ile, maji yanayopita njia ya mkato na kurudi juu bila mafuta ni hasara maradufu. Basi wabunge wetu wanapopelekewa mipango ya uchimbaji, wasiulize tu ni visima vingapi vitachimbwa. Waulize pia kila kimoja kitaandaliwaje, na ni kiasi gani cha mafuta kitakachoachwa ardhini.