Mwezi wa Tisa: Tujiandae Mapema

Mimba ikifika mwezi wa tisa mama huona mabadiliko. Mtoto hushuka kwenye nyonga. Mama hupumua vizuri zaidi, lakini huenda haja ndogo mara kwa mara. Tumbo hukaza, kisha huachia. Maumivu yakija ovyo na kutulia mama akipumzika, huo bado si uchungu wenyewe.

Uchungu wenyewe haupoi. Maumivu huzidi nguvu na hukaribiana. Ute wenye damu kidogo waweza kutoka, au chupa kupasuka. Hapo twende kujifungulia kituoni.

Je, hatari ni zipi? Ni damu tupu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona kiza, uso na mikono kuvimba, kifafa, au mtoto kupunguza kucheza. Ukiona hata moja, usingoje asubuhi. Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja.

Basi, baba na mama wakae sasa. Waweke nauli, kanga safi na kadi ya kliniki. Wapatane nani atamsindikiza mama, na kwa chombo gani. Usiku wa uchungu si wakati wa kuanza kuazima baiskeli.