Kitambulisho kimoja kimoja

Oktoba 2016, mamia ya Wamakonde wa Kaunti ya Kwale walifunga safari hadi Ikulu, Nairobi, kudai watambuliwe kuwa Wakenya. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi kwa jinsi walivyocheleweshewa haki yao, akaagiza wapewe vitambulisho kabla Desemba haijaisha. Mapema 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tangu hapo, kila anayezungumzia watu wasio na uraia nchini huanza na safari ile.

Naona tunaanza na mwisho. Safari ya Ikulu ilitanguliwa na miaka ya barua, vikao, kupanga foleni na kurudishwa nyumbani. Anayetaka kujua kwa nini harakati moja hufika na nyingine ikazimika njiani aitazame kazi hiyo, kwa sababu siku ya kuandamana kila mtu hujitokeza. Swali ni nani anabaki mwaka wa tano, kamera zikiwa zimeondoka.

Wazee wa Wamakonde walianza kuletwa kutoka Msumbiji miaka ya 1930, enzi ya Mwingereza, kuwa vibarua kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wengine walikuja baadaye, wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza kwao 1964. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Katiba ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa nchini ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa hapa. Waliokosa sifa hiyo, ikiwa wenyewe walizaliwa Kenya, walipewa miaka miwili kuomba kuandikishwa. Kibarua anayelala kambini, asiyejua kusoma, angepata wapi habari hizo? Miaka miwili ikapita. Watoto wakazaliwa, wakazaa wenzao, na wajukuu wakarithi kosa ambalo halikuwa lao wala la babu zao.

Asiye na kitambulisho Kenya hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hata M-Pesa anaitumia kwa hisani ya jirani. Hafungui akaunti ya benki, haandikishi shamba, hapigi kura, hapati leseni ya uvuvi. Askari akimsimamisha njiani anaitwa mhamiaji haramu, hata kama kaburi la babu yake liko nyuma ya nyumba.

Mjadala wa wahamiaji haramu hupamba moto kila nchi inapojeruhiwa. Baada ya shambulio la kigaidi la Septemba 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na mengine yaliyofuata, serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch Aprili 2014, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakamatwa Eastleigh na kwingineko. Wengine walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani wakisubiri kuchunguzwa. Siwadharau wanaohofia mipaka yetu. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia, na waliopoteza ndugu zao wana haki ya kuuliza maswali magumu. Lakini mtu aliyenyimwa karatasi kwa miaka sitini hajaifanya nchi kuwa salama. Ameachwa nje ya daftari la serikali, mahali ambapo polisi wenyewe hawawezi kumtambua, na mla rushwa ndiye anayemjua vizuri zaidi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilifungua mlango. Mtu asiye na uraia aliyeishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, anayejua Kiswahili au lugha ya mahali, aliruhusiwa kuomba kusajiliwa kuwa raia. Sheria iliweka miaka mitano, na waziri akaruhusiwa kuongeza mitatu. Miaka hiyo mitano ilikwisha Agosti 2016, Wamakonde wakiwa bado wanangoja. Miezi miwili baadaye wakawa njiani kwenda Ikulu. Tarehe iliyoandikwa kwenye sheria iliwapa jambo ambalo hotuba nyingi hazitoi, yaani sababu ya kuchukua hatua mwaka huu badala ya mwaka ujao.

Kwa Wanubi wa Kibera hali ni tofauti kidogo. Babu zao walitoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakawekwa pale zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa miaka mingi, wengi wao walipata kitambulisho hatimaye, ila kwa kupigwa msasa kwanza. Kijana wa Kinubi alipofika umri wa miaka 18 aliitishwa vyeti vya wazazi, pengine hata vya babu na bibi, hati ya kiapo, kisha alifika mbele ya kamati iliyokaa siku maalumu. Mwenzake aliyesoma naye darasa moja, mwenye jina la kabila jingine, alikwenda kwa chifu na kumaliza. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini foleni ya msasa iliendelea kuwepo.

Hapo ndipo Nubian Rights Forum, kwa kushirikiana na shirika la Namati, ilipoingia kazi isiyopigiwa makofi. Wenyeji wa Kibera walifundishwa kuwa wasaidizi wa sheria wa jamii. Kazi yao ni kukaa na mama anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kumweleza karatasi zinazohitajika, kumsindikiza ofisini, na kuandika yaliyotokea: nani aliitishwa nini, alisubiri muda gani, alijibiwa vipi. Kesi moja haina uzito mbele ya waziri. Mamia ya kesi zilizoandikwa vizuri ni ushahidi. Serikali ilipoleta Huduma Namba, mfumo wa kidijitali wa kuwatambulisha watu wote nchini, mwaka 2019, Nubian Rights Forum ilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu, na hoja ya watu wasio na karatasi ikatolewa na waliokuwa wakiishughulikia kila siku. Januari 2020 mahakama ilizuia ukusanyaji wa DNA, na ikaitaka serikali iweke kanuni kamili kabla ya kuendelea na mfumo huo.

Siri ya kudumu naiona hapo. Mwanaharakati anayeishi kwa kungoja ushindi wa taifa atachoka, maana ushindi huo huja mara moja kwa miaka kumi. Aliyemsaidia kijana wa jirani kupata kitambulisho Jumanne ana sababu ya kurudi ofisini Jumatano. Na yule kijana, akiombwa amsindikize mwingine, ni vigumu akatae.

Kinachoua harakati nacho kinajulikana, ingawa watu hukisema kwa sauti ya chini. Nauli huisha. Mradi wa mfadhili hufika mwisho na ofisi ikafungwa, hata kama tatizo bado lipo. Kiongozi mmoja huitwa kwa mkubwa, akarudi amenyamaza. Lililo gumu kuliko yote ni kwamba anayepata kitambulisho huenda zake kutafuta maisha, na hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa maisha ndiyo aliyokuwa akiyapigania.

Wapemba walingoja karibu miaka saba baada ya safari ya Wamakonde. Hawa ni wavuvi wa Kilifi na Kwale ambao wazee wao walivuka kutoka kisiwani Pemba. Waliwaona Wamakonde wakipewa, wakawaona Washona, ambao wazee wao walikuja kueneza dini kutoka Zimbabwe ya sasa, wakitangaziwa uraia Desemba 2020. Wao wakaendelea kukamatwa baharini kwa kukosa leseni. Hawakutawanyika, na Julai 2023 Rais William Ruto akawatangaza kuwa jamii mojawapo ya Kenya.

Tangazo la Ikulu nalo halijitekelezi. Februari 2025 Rais Ruto alifuta kamati za msasa zilizowasumbua wananchi wa Kaskazini Mashariki kwa miongo mingi. Ni uamuzi wa haki, na ulichelewa. Lakini karani wa usajili asipofuatwa, desturi aliyoizoea itarudi kwa jina jingine. Lazima awepo mtu katika kila kata wa kuuliza maombi yamefika wapi.

Wewe unayesoma haya una kitambulisho mfukoni. Jirani yako akihitaji shahidi mbele ya chifu kwamba alizaliwa hapo na wazazi wake unawajua, nenda ukamshuhudie. Ukimaliza, muulize ni nani mwingine mtaani ambaye bado hana, na mwende naye wiki ijayo.