Achari ya Maembe: Tuangalie Chombo Kwanza

Kila msimu wa maembe, huku Shinyanga na Geita, mengi huozea chini ya miti. Akina mama, kwa nini tusiyatie achari yangali mabichi?

Katakata maembe vipande vyembamba, yapake chumvi, yaanike juani siku moja au mbili mpaka yanywee. Chemsha siki pamoja na pilipili, kitunguu saumu na manjano, kisha tia maembe yachemke kidogo. Jaza kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, ufunike. (Mwenye shinikizo la damu aonje tu, chumvi ni nyingi.)

Ukali wa siki hula alumini, basi tumia sufuria ya enameli isiyobanduka. Lakini linalotutia hofu zaidi ni vyombo vya machimboni. Kikopo kilichobeba zebaki huonekana safi kikioshwa, kumbe sumu imebaki. Zebaki hudhuru ubongo na figo, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Vivyo hivyo kikaango kilichochomea dhahabu: kisirudi jikoni, hata kikisuguliwa kwa majivu mara kumi.