Kuandamana katika Nchi ya Watu

Julai 2024, Wabangladeshi wanaofanya kazi Umoja wa Falme za Kiarabu waliingia mitaani kuipinga serikali ya kwao. Na mwenyeji hawakuwa na ugomvi wowote. Ndani ya siku chache mahakama ya Abu Dhabi iliwatia hatiani 57: watatu kifungo cha maisha, mmoja miaka 11, waliobaki miaka 10 kila mmoja, kisha kufukuzwa nchini. Septemba, Rais Mohamed bin Zayed aliwasamehe wakarudishwa kwao. Vijana wetu walioko Dubai na Maskati waisome kesi hiyo taratibu. Kugombana na Dhaka hakukuwapa nafuu yoyote Abu Dhabi.

Ujerumani ni habari nyingine, ingawa nako kuna kona zake. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1949 inawapa haki ya kukusanyika “Wajerumani wote”. Mgeni hayumo. Yeye haki yake inatoka ngazi ya chini, kwenye sheria za kawaida za mikutano, kama ile ya 1953, inayomtaja kila mtu. Barabarani tofauti haionekani. Kwa mwanasheria ni kubwa: sheria ya kawaida Bunge huibadilisha kwa wingi wa kawaida wa kura, ilhali Katiba hudai theluthi mbili. (Kenya imekuwa karimu zaidi hapa, ibara yake ya 37 haiulizi uraia.)

Sheria hiyohiyo ya Kijerumani inataka washiriki waondoke mara moja mkutano ukishatangazwa kuvunjwa. Tangazo hilo halisomwi kwa Kiswahili. Aliyesimama pembeni kupiga picha, asielewe kinachosemwa, huonekana mkaidi sawa na waliokataa kwa makusudi. Na katika nchi nyingi mgeni ana faili la pili, la uhamiaji, ambalo mara nyingi halihitaji ushahidi mzito kama wa kesi ya jinai. Mwenyeji atalipa faini arudi nyumbani. Mgeni anaweza kulipa faini hiyohiyo, kisha akakwama siku ya kuongeza kibali.

Akikamatwa, ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli inawalazimu polisi kumweleza kwamba anaweza kutaka ubalozi wake ujulishwe. Kwa kawaida ni mpaka aombe mwenyewe. Afisa wa ubalozi ataruhusiwa kumtembelea na kumtafutia wakili. Kumtoa mahabusu hawezi. Namba ya ubalozi iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huchukuliwa mapema.