UZI: Kabla hujaomba murram, uliza maji yataenda wapi

1/ Kila msimu wa mvua ni ile ile. Barabara ya kijijini ilipitishwa greda mwezi wa pili, watu wakapiga picha, na kufikia mwisho wa mwezi wa nne imekatika mara mbili. Hapo mjadala unaanza: huyu anasema pesa zililiwa, yule anajitetea ati mvua ilikuwa kubwa. Huenda wote wana ukweli kidogo. Lakini kuna swali ambalo hakuna anayelijibu: maji yalikuwa yapitie wapi?

2/ Tuelewane kwanza. Barabara ya murram haihitaji lori kubwa ili iharibike, maji yanatosha. Ndiyo maana ikijengwa vizuri huwa na mgongo: katikati juu, kando chini. Kwa barabara ya upana wa mita 5, katikati inafaa kuwa juu ya kingo kwa sentimita 12 hivi. Mvua ikinyesha, maji yanateremka pembeni. Mgongo ukiisha, maji yanafuata njia ya magari, na barabara yenyewe inageuka mto.

3/ Sawa, maji yamefika kwenye mtaro. Kazi haijaisha. Yakiachwa yashuke na mtaro mmoja kilomita nzima kwenye mteremko, yanapata nguvu, yanachimba, kisha yanaanza kula ukingo wa barabara. Kwa hivyo lazima kuwe na michepuko, yaani mitaro midogo ya kuyatoa kando yakiwa bado kidogo. Penye mteremko mkali, michepuko hukaribiana, na ndani ya mtaro hupangwa mawe ya kupunguza kasi.

4/ Halafu kuna kalvati, la kuvusha maji chini ya barabara. Likiwa dogo kuliko maji ya eneo hilo, au likiziba kwa matope na majani, maji hayatangoja. Yatapanda juu ya barabara na kuikata hapo hapo. Ukiona kalvati limebaki peke yake kama daraja na udongo wa pande zote umeondoka, ujue ndicho kilichotokea.

5/ Sasa ile greda tunayoshangilia. Ikikwangua bila kurudisha mgongo na kufungua mitaro, inaacha tuta la udongo kila upande. Tuta hilo linafungia maji ndani. Kama udongo haukumwagiwa maji na kushindiliwa na rola, umelala tu juu kama unga. Mvua ya kwanza inaubeba. Na kila mara greda inapokwangua, barabara inashuka kidogo, hadi inakuwa chini kuliko mashamba ya jirani. Hapo maji yote ya mtaa yanaingia humo.

6/ Nani ana jukumu? Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, barabara kuu ni za serikali ya kitaifa na barabara za kaunti ni za kaunti. Lakini bado kuna barabara za mashambani zinazoshughulikiwa na KeRRA, ambayo ni ya kitaifa. Ndiyo maana ukilalamika unaweza kutumwa huku na kule: MCA anakuelekeza kwa mbunge, mbunge anakurudisha kwa gavana.

7/ Pesa je? Kila lita ya petroli au dizeli unayonunua ina ada ya kukarabati barabara. Ilikuwa Sh18, ikapandishwa hadi Sh25 mwaka wa 2024. Wabunge na magavana wamevutana juu ya nani asimamie sehemu ya pesa hizo, hadi mahakamani. Wewe wa boda umeshalipa ukiweka mafuta, na bado unasukuma pikipiki kwenye matope.

8/ Mbona mitaro husahaulika? Kwa sababu haina picha. Kilomita 10 za murram zinatangazwa kwa mkutano. Michepuko 30 na makalvati manne, nani ataalika wapiga ngoma? Kwa hivyo mkandarasi anaambiwa arefushe kilomita, na kinachokatwa ni mitaro.

9/ Na sisi wananchi tusijitoe. Kuna wanaojaza mtaro udongo ili gari liingie kwa boma, bila kuweka bomba chini. Kuna wanaolima hadi ukingoni. Kuna wanaoziba mchepuko kwa sababu unamwaga maji shambani. Huyu wa mwisho ana haki ya kulalamika, maana maji ya barabara yanaweza kuchimba korongo kwa shamba la mtu. Lakini dawa ni kukubaliana maji yapite wapi kabla ya kazi kuanza. Ukiziba usiku, unamhamishia jirani shida.

10/ Tena si elimu ngeni kwetu. Katika mpango wa barabara za mashambani ulioanza miaka ya 1970, mtu anayeishi kando ya barabara alipewa kipande cha kama kilomita moja na nusu hadi mbili akitunze kwa malipo. Vifaa: jembe, sepetu, wilibaro. Kazi: kuzibua mtaro, kuondoa matope kwa kalvati, kujaza shimo likiwa bado dogo. Na kazi ilibaki kwa kijana wa hapo hapo.

11/ Makueni na Kitui nako kuna wakulima wanaoelekeza maji ya barabara kwenye matuta na vidimbwi vya shamba. Maji yale yale yaliyokuwa yakikata barabara sasa yanalisha mahindi na miembe. Sehemu za mvua haba, hiyo ni faida mara mbili.

12/ Kwa hivyo kwenye kikao cha maoni ya bajeti, usiseme tu "tunataka barabara". Uliza:
– Mitaro, michepuko na makalvati yamo kwenye BQ? Mangapi?
– Rola na maji ya kushindilia yamelipiwa?
– Nani atazibua mitaro baada ya mkandarasi kuondoka, na kwa pesa gani?
– Kazi itafanywa kabla ya mvua au katikati ya mvua?

13/ Hilo la mwisho usilidharau. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, wakati masika yamepamba moto na kila mtu anaona barabara ilipokatika. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kazi ikianza mapema, inamaliza kabla ya mvua za Oktoba. Pesa zikichelewa, murram inamwagwa kwenye matope, na mwaka ujao tunalipia barabara ile ile tena.

14/ Mvua kubwa ipo, na wizi upo. Lakini barabara isiyo na mitaro itaharibika hata chini ya kiongozi mwaminifu. Mama anayebebwa kwa machela kwenda kujifungua, maziwa yanayoganda kabla ya kufika kwa mnunuzi, hao hawasaidiki na idadi ya kilomita. Leo ukirudi nyumbani, angalia mtaro wa barabara yenu. Kisha tuambie hapa chini: maji yanaenda wapi?