Utangulizi: Kelele na Sikio la Ndani

Hili ni somo ambalo mgonjwa wake huchelewa kujua kwamba anaumwa. Gilgil, nchini Kenya, ni mahali pazuri pa kulianzia: mashine za kusaga unga huunguruma tangu alfajiri, mafundi wa jua kali hukata vyuma, malori hupumua kwa kishindo kwenye mizani ya barabara kuu, na askari wa kambi za jirani hujifunza kulenga shabaha.

Sauti ikivuka kiwambo cha sikio na vifupa vitatu, huingia kwenye koklea, mrija wenye majimaji uliojisokota ndani ya mfupa. Humo mna seli zipatazo 15,000 kwa kila sikio, zenye vinyweleo utosini. Majimaji yakitikisika, vinyweleo hupinda na neva hupeleka habari kwenye ubongo. Georg von Békésy, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha jinsi wimbi linavyosafiri humo: sauti nyembamba husikika mwanzoni mwa mrija, nzito ndani zaidi.

Mlio wa bunduki waweza kuvunja vinyweleo papo hapo. Kelele ya kila siku huua taratibu: seli zilizotumikishwa kupita kiasi huzalisha kemikali zinazozidhuru zenyewe. Hasara huanzia kwa kawaida karibu na hezi 4,000, ndipo mtu akaanza kulalamika kwamba watu wanamung'unya maneno. Kuku huotesha seli mpya, kama watafiti walivyobaini miaka ya 1980, binadamu haoteshi. Tena, mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwamba panya waliopimwa wakaonekana wamepona walikuwa wamepoteza viungio vingi kati ya seli na neva. Kipimo cha kawaida hakikuliona jeraha hilo.

Je, uziwi wa wazee ni umri tu? Mwaka 1962 Samuel Rosen na wenzake walichapisha vipimo vya Wamabani, walioishi kwa utulivu katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Wazee wao walisikia vizuri kuliko Wamarekani wa rika lao. Mjadala kuhusu mchango wa lishe na nasaba unaendelea, na tutauingia.

Mwisho tutafika kwenye sheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinamruhusu mfanyakazi kukaa kwenye desibeli 90 kwa saa 8, ingawa zinamtaka mwajiri aanze mpango wa kudhibiti kelele ikizidi 85. Tofauti hiyo ya 5 yaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 huongeza nishati maradufu, kwa hiyo 90 ina nishati zaidi ya mara tatu ya 85. Anayesimama kando ya mashine siku nzima anastahili kuijua hesabu hiyo kabla ya daktari kumweleza. Ndiyo maana sura ya kwanza inaanza na desibeli, si na maradhi.